Ufaransa: Namna shule zinavyofundisha mauaji ya kimbari na chuki dhidi ya Wayahudi

Katika kijiji cha Izieu, mashariki mwa Ufaransa, ipo nyumba kubwa inayotazama bonde la mto Rhône. Maelfu ya wanafunzi hupelekwa huko kila mwaka na walimu wao. Chumba kimojawapo kilikuwa darasa, na madawati yangalipo. Asubuhi ya tarehe 6 Aprili 1944, askari wa Kijerumani waliotumwa na Klaus Barbie, aliyeongoza Gestapo mjini Lyon, walifika hapo na malori wakawachukua watoto 44 wa Kiyahudi pamoja na watu wazima saba waliokuwa wakiwalea. Mdogo kabisa alikuwa na umri wa miaka minne. Jioni ya siku hiyo hiyo Barbie alituma taarifa Paris kueleza kwamba nyumba ya watoto ya Izieu imekwisha kufungwa. Hakuna mtoto hata mmoja aliyerudi. Kati ya watu wazima alirudi mwanamke mmoja tu.

Mgeni anaweza kudhani kwamba wanafunzi hupelekwa Izieu ili walie. Wengine hulia kweli. Lakini swali ambalo walimu hulitanguliza ni jepesi kulitamka na zito kulijibu: watoto hawa walifikaje hapa? Jibu halianzi na malori ya Wajerumani. Linaanza na kambi za kusini mwa Ufaransa, kama Rivesaltes na Gurs, zilizosimamiwa na watumishi wa serikali ya Ufaransa, ambamo wengi wa watoto hao walipitia pamoja na wazazi wao. Linapitia kwa polisi wa Kifaransa waliowakamata wazazi. Kisha lipo jambo la kutatanisha: nyumba yenyewe ilipatikana mwaka 1943 kwa msaada wa naibu mkuu wa mkoa katika mji jirani wa Belley, na mwalimu wa watoto hao aliajiriwa na serikali. Dola moja, ofisi zenye mihuri inayofanana, huku mtumishi mmoja akikamata na mwingine akificha. Mwanafunzi wa miaka 14 akilielewa hilo, amekwisha kuingia katika somo la uraia kabla ya mwalimu kulitaja.

Katika mtaala wa Ufaransa, mwanafunzi hukutana na maangamizi ya Wayahudi angalau mara tatu: mwaka wa mwisho wa shule ya msingi akiwa na miaka kama 10, mwaka wa mwisho wa sekondari ya chini akiwa na 14, na mwaka wa mwisho wa sekondari ya juu akiwa na 17. Mauaji ya Waroma, waliowindwa na Wanazi vilevile, yamo katika mtaala huo, na katika sekondari ya chini yamo pia mauaji ya kimbari ya Waarmenia yaliyoanza mwaka 1915. Tangu mwaka 2015 kuna pia somo liitwalo Elimu ya Maadili na Uraia, ambalo huanza shule ya msingi na kuendelea hadi sekondari ya juu. Katika sekondari somo hilo kwa kawaida hufundishwa na mwalimu yule yule wa historia na jiografia. Siku moja hueleza sheria za mwaka 1940, na siku nyingine hueleza maana ya usawa mbele ya sheria, ubaguzi, na haki ya mtu kuabudu au kutoabudu. Amepewa wastani wa nusu saa kwa wiki kwa ajili ya uraia, muda ambao wakati mwingine hautoshi hata kusuluhisha ugomvi wa uwanjani.

Kofia iliyofichwa

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kwa miongo kadhaa baada ya vita, shule za Ufaransa zilisimulia zaidi habari za mashujaa waliopinga uvamizi wa Wajerumani. Waliopelekwa kambini walitajwa kwa jumla, bila kueleza vya kutosha kwamba Wayahudi walichukuliwa kwa sababu tu ya kuzaliwa Wayahudi, watoto wachanga na vikongwe pamoja.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni filamu fupi ya Alain Resnais kuhusu kambi za Wanazi, iliyotolewa katikati ya miaka ya 1950 na kuonyeshwa kwa vizazi vya wanafunzi. Ndani yake imo picha ya kambi ya Pithiviers, si mbali na Paris, ambamo Wayahudi walizuiliwa kabla ya kusafirishwa. Pembeni mwa picha alisimama mlinzi aliyevaa kofia ya jandarma wa Ufaransa. Wakaguzi wa filamu walitaka kofia hiyo isionekane, nayo ikafunikwa. Ilirudishwa katika picha miaka mingi baadaye. Kwa hiyo wanafunzi waliiona kambi, wakaona waya wa miiba, ila hawakuona nani alikuwa akiilinda.

Mabadiliko yaliletwa na watafiti, manusura na mahakama. Mwaka 1972 mwanahistoria Mmarekani Robert Paxton alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba serikali ya Marshali Philippe Pétain, iliyokuwa na makao yake Vichy, ilitunga sheria dhidi ya Wayahudi kwa hiari yake, bila kungoja amri kutoka Berlin. Mwaka 1987 Barbie alihukumiwa mjini Lyon kifungo cha maisha kwa makosa dhidi ya ubinadamu, na ile taarifa yake ya jioni ya Aprili ilikuwa miongoni mwa ushahidi. Tarehe 16 Julai 1995 Rais Jacques Chirac alikiri hadharani kwamba dola ya Ufaransa iliusaidia uhalifu wa mvamizi. Tangu hapo mwalimu aliyetaka kuonyesha ile kofia darasani hakuwa peke yake.

Karatasi kabla ya treni

Walimu wengi siku hizi huanza na karatasi. Mojawapo ni sheria ya tarehe 3 Oktoba 1940. Inaeleza nani ahesabiwe Myahudi, kwa kuwahesabu babu na bibi zake, kisha inaorodhesha kazi ambazo mtu huyo haruhusiwi kuzifanya: ualimu, uofisa jeshini, utumishi wa umma, uandishi wa magazeti, kazi za filamu na redio. Hakuna tusi ndani yake. Lugha ni ile ya kila siku ya ofisi, yenye vifungu na sahihi. Wanafunzi wanaotarajia kukuta maneno ya chuki hushangaa kuona ni maandishi makavu kama ya leseni.

Baada ya sheria ilikuja sensa. Watu walijiandikisha wenyewe, wengi wakiamini kwamba raia mwema hufuata taratibu. Majina yakaingia katika kadi zilizopangwa kwa alfabeti, kwa mtaa, kwa kazi na kwa uraia. Vitambulisho vikapigwa mhuri. Kuanzia Juni 1942, katika eneo lililokaliwa na Wajerumani, kila Myahudi aliyetimiza miaka sita alilazimika kushona nyota ya manjano kwenye nguo yake. Tarehe 16 na 17 Julai mwaka huo polisi wa Kifaransa walizunguka Paris na vitongoji vyake wakiwa na kadi hizo mikononi, wakakamata watu takriban 13,000, zaidi ya 4,000 kati yao wakiwa watoto. Familia nyingi zilirundikwa katika uwanja wa mbio za baiskeli uliokuwa jijini. Kwa jumla, Wayahudi wapatao 76,000 walisafirishwa kutoka Ufaransa, wakiwemo watoto zaidi ya 11,000. Robo tatu ya Wayahudi waliokuwa nchini walinusurika, na hilo pia hufundishwa, kwa kuwa nyuma ya idadi hiyo wapo majirani, mapadri, wachungaji, wakulima na makarani waliofungua milango au waliojifanya hawaoni.

Karibu na Aix-en-Provence, kusini, kiwanda cha vigae cha Les Milles kilichogeuzwa kambi wakati wa vita kimekuwa mahali pa ukumbusho tangu mwaka 2012. Kutoka hapo, Agosti na Septemba 1942, Wayahudi zaidi ya 2,000 walitumwa Auschwitz, na wakati huo jeshi la Ujerumani lilikuwa bado halijaingia katika sehemu ile ya nchi. Wanafunzi wanaotembelea kiwanda hicho huonyeshwa hatua kwa hatua jinsi jamii inavyoteleza, tangu mzaha na uvumi hadi sheria, na tangu sheria hadi mauaji. Katika kila hatua huulizwa ni nani angeweza kukataa, na kwa njia gani. Mifano hutolewa kwa Waarmenia, Wayahudi, Waroma na Watutsi.

Msikilizaji anayetoka eneo la Maziwa Makuu hahitaji kuelezwa sana habari ya kitambulisho. Nchini Rwanda utawala wa Wabelgiji uliingiza kabila katika vitambulisho katika miaka ya 1930, na serikali za baada ya uhuru zikaliacha neno hilo hapo. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, karatasi hiyo iliamua nani apite na nani auawe. Historia hizo mbili zina tofauti nyingi. Hata hivyo, katika zote mbili karani aliyeandika alikuwa amekwisha kwenda nyumbani muda mrefu kabla ya muuaji kufika.

Mjadala wa 2008

Namna ya kufundisha haijakubaliwa na wote. Februari 2008 Rais Nicolas Sarkozy alipendekeza kwamba kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shule ya msingi akabidhiwe kumbukumbu ya mtoto mmoja wa Kiyahudi aliyeuawa. Nia ilikuwa kuwafanya watoto waone sura na jina badala ya tarakimu. Upinzani ulikuja haraka, na sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya Simone Veil, aliyepelekwa Auschwitz akiwa na miaka 16 na baadaye akawa waziri na spika wa Bunge la Ulaya. Aliona kwamba ni kumtwika mtoto wa miaka 10 mzigo usiobebeka. Walimu na wataalamu wa saikolojia ya watoto waliuliza mtoto huyo atalala vipi usiku. Pendekezo liliachwa miezi michache baadaye, na walimu wakaelekezwa kuanzia kwenye historia ya mahali walipo: jina lililo kwenye kibao ukutani mwa shule, au mtaa ambao familia fulani ilikaa. Katika shule nyingi za Paris vibao hivyo vipo, vikiwakumbuka wanafunzi waliochukuliwa.

Veil alikuwa na haki. Mtoto aliyeogopeshwa hukumbuka hofu yake mwenyewe, na sheria ya Oktoba 1940 humtoka akilini.

Chuki isiyoisha na vita

Kufundisha mauaji ya kimbari na kufundisha dhidi ya chuki kwa Wayahudi ni kazi mbili zinazokaribiana, lakini si kazi moja. Mwanafunzi anaweza kuwahurumia waliokufa Auschwitz kwa dhati, kisha jioni akaamini video inayodai kwamba Wayahudi ndio wanaoendesha benki na serikali za dunia. Huruma kwa marehemu haimfundishi chochote kuhusu jirani aliye hai. Ndiyo maana baadhi ya walimu huanza mbali zaidi: kesi ya Alfred Dreyfus, ofisa wa jeshi aliyehukumiwa kwa uongo mwaka 1894 na kusafishwa jina mwaka 1906, au maandiko ya kughushi yaliyotungwa Urusi mwanzoni mwa karne ya 20 yakidai kufichua njama za Wayahudi kutawala dunia. Gazeti la The Times la London lilithibitisha mwaka 1921 kwamba sehemu kubwa ya maandiko hayo iliibwa kutoka kitabu kingine kisichohusu Wayahudi hata kidogo. Ughushi huo unazunguka hadi leo, sasa kwa simu.

Haja ya somo hilo ni ya sasa. Machi 2012 mtu mwenye silaha aliua watoto watatu na mwalimu katika shule ya Kiyahudi mjini Toulouse. Takwimu za Ufaransa zilihesabu vitendo 436 vya chuki dhidi ya Wayahudi mwaka 2022, na 1,676 mwaka 2023, vingi vikitokea baada ya mashambulizi ya Hamas ya tarehe 7 Oktoba na vita vya Gaza vilivyofuata. Darasani vita hivyo huingia bila kualikwa. Mwanafunzi huuliza kwa nini wafu wa zamani wanapewa saa nzima na wafu anaowaona kila usiku kwenye simu hawapewi hata dakika. Mwalimu anayemnyamazisha hupoteza darasa lote. Anayemsikiliza huweza kutenganisha mambo: kuilaumu serikali, iwe ya Israel au ya nchi nyingine yoyote, ni haki ya raia, kumtaka mwanafunzi Myahudi wa Marseille aijibie serikali hiyo ni ubaguzi. Si rahisi kulisema hilo kwa utulivu katika nchi ambayo mwalimu Samuel Paty aliuawa mwaka 2020 kwa sababu ya somo alilotoa kuhusu uhuru wa kujieleza.

Watoto wa Maziwa Makuu

Makumbusho ya Izieu yalizinduliwa na Rais François Mitterrand tarehe 24 Aprili 1994. Siku hiyo mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yameendelea nchini Rwanda kwa zaidi ya wiki mbili, na serikali ya Mitterrand ilikuwa mshirika wa karibu wa utawala wa Kigali. Ilichukua miaka 27 kwa tume ya wanahistoria iliyoongozwa na Vincent Duclert kutamka, katika ripoti ya Machi 2021, kwamba Ufaransa ilikuwa na wajibu mzito katika yaliyotokea, ingawa haikukuta ushahidi kwamba ilishiriki kwa makusudi katika mauaji yenyewe. Mwezi Mei mwaka huo Rais Emmanuel Macron alikwenda Kigali na kuukiri wajibu huo.

Shuleni hatua zimekuwa za polepole. Mageuzi ya sekondari ya juu ya mwaka 2019 na 2020 yaliingiza mahakama za gacaca katika somo la hiari la historia, jiografia na siasa za dunia. Wanafunzi hujifunza jinsi Rwanda, yenye magereza yaliyofurika, ilivyokabidhi kesi karibu milioni mbili kwa mabaraza ya vijiji hadi yalipofungwa mwaka 2012. Kwa kuwa somo ni la hiari, asiyelichagua anaweza kumaliza shule bila kulisikia neno gacaca. Walimu wana hazina nyingine: kesi ya Pascal Simbikangwa, aliyehukumiwa Paris mwaka 2014 kifungo cha miaka 25 kwa mauaji ya kimbari, ilirekodiwa kwa ajili ya kumbukumbu ya taifa, kama ile ya Barbie ilivyorekodiwa.

Katika madarasa ya Lyon, Paris na vitongoji vyake wamo pia watoto wa familia zilizotoka Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, ambamo Kiswahili husikika mezani. Mmoja husikia darasani jambo ambalo mama yake hajawahi kulisimulia. Mwingine, aliyezaliwa na wazazi kutoka Bukavu au Uvira, huuliza kwa nini wafu wa Kongo hawamo kitabuni. Swali lake ni la haki, na linahitaji jibu la kisheria pamoja na la kibinadamu. Neno la mauaji ya kimbari lilibuniwa na mwanasheria Raphael Lemkin mwaka 1944, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1948 ukalipa maana maalumu: nia ya kuangamiza, kwa ujumla au kwa sehemu, kundi la kitaifa, kikabila, kirangi au kidini. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 ilichunguza matukio 617 ya ukatili mkubwa nchini Kongo kati ya mwaka 1993 na 2003, na ikaacha uamuzi wa jina hilo kwa mahakama yenye mamlaka. Jina la kisheria halipimi uzito wa kilio. Mama wa Uvira hakuomboleza kidogo kwa sababu hukumu haijatolewa. Mwalimu anayeweza kumweleza mtoto huyo tofauti kati ya mambo hayo mawili, bila kumfukuza na bila kuyachanganya, amefanya kazi ambayo watu wazima wengi wa eneo letu hawajaiweza.

Kalenda yenyewe imeweka siku hizo karibu. Tarehe 27 Januari shule huadhimisha siku ilipokombolewa Auschwitz. Mwezi Julai, siku ya taifa ya kukumbuka mateso ya Wayahudi wa Ufaransa inapofika, wanafunzi huwa likizoni. Kila tarehe 6 Aprili hukumbukwa watoto 44 wa Izieu, na kesho yake, tarehe 7 Aprili, ni siku ya taifa ya kuwakumbuka Watutsi waliouawa, iliyowekwa na Ufaransa mwaka 2019. Katika miaka ambayo likizo ya Pasaka haiingii kati, tarehe hizo mbili za Aprili huweza kuwakuta wanafunzi wako darasani.